Taa ya presha ya tairi imekataa kuzima na upepo nshajaza, nifanye ni?

#1 MkaziWaTudor
Asalaam aleikum jamani, na wale wengine hamjambo. Nina VW Golf Mk7 ya 2017 ilotoka Uingereza, nimekaa nayo mwaka sasa haijanisumbua kitu. Sasa Alhamisi natoka Mtwapa, karibu kufika Bamburi kikawaka kitaa cha manjano kwa dashibodi, kama sufuria imekatwa ubavu halafu ndani ina alama ya mshangao. Nikaingia petroli stesheni kijana akanipigia upepo zote nne, nikamwambia weka 35 sababu ndio nambari nasikiaga watu wakitaja, nikalipa nikatoka, taa bado. Nikazima gari nikawasha, bado. Nikalala, asubuhi yaniangalia tu.

Jana nikaipeleka gereji moja hapa kisiwani, sitaitaja, fundi akachomeka kikompyuta chake akakaa nacho dakika tano akaniambia sensa zote nne zimekufa betri zataka kubadilishwa, moja 7,000 kwa hivyo ni 28,000 na kazi yake mbali. Nikamwambia ngoja nikazungumze na mama watoto, uongo huo, nilitaka kuja kuuliza hapa kwanza. Nibadilishe ama kuna njia nyingine? Tena yule kijana wa petroli alikuwa anitajia mambo ya risiti nikampa simu aone meseji ya M-Pesa, kumbe yuwasema kuriseti. Msinicheke.

#2 BintiMjiWaKale
Tushacheka 😂 pole kaka

#3 Tepu_Nyeusi
Hizo taa ni za kukutafutia presha wewe sio tairi. Mimi yangu iliwaka mwaka juzi nikakata kipande cha tepu nyeusi nikabandika juu yake, mpaka leo sijui kama yawaka ama haiwaki na gari yaenda Malindi na kurudi. Usitoe 28.

#4 FundiChangamwe
Bwana Tudor weka pesa yako mfukoni kwanza. Hizi Golf Mk7 za kawaida ndani ya tairi hazina sensa yoyote. Hakuna betri ya kufa. Huyo alokwambia sensa nne zimekufa ama hajui gari yako ama ajua vizuri sana, sitasema zaidi.

Sikiza nikueleze, na wengine pia sababu swali hili laletwa kwangu kila wiki. Kuna mifumo miwili na watu waichanganya. Wa kwanza kila gurudumu lina kisensa chake kimefungwa kwa vali kwa ndani ya rimu, chapima upepo wenyewe na chatuma habari kwa redio mpaka kwa kompyuta ya gari. Wa pili, ndio wako, hauna chochote ndani ya tairi, watumia zile sensa za ABS (za kuzuia breki kukwama) ambazo tayari ziko pale kwa magurudumu kuhesabu mizunguko. Tairi ikipungua upepo yakaa chini kidogo, mzingo wake wapungua, kwa hivyo kufika mahali palepale lazima izunguke mara nyingi kuliko wenzake. Ni kama baba na mtoto washikana mikono watembea Mama Ngina, wafika pamoja lakini mtoto kapiga hatua nyingi. Gari yahesabu hizo hatua, ikiona gurudumu moja lapiga nyingi yawasha taa.

Sasa shida ya huo mfumo ni kuwa haujui presha ni ngapi. Haujui 35 haujui 20. Wajua tu vile ulivyofundishwa mara ya mwisho. Ndio maana umejaza upepo na taa imekaa palepale, inangoja uiambie sasa ndio sawa, anza kuhesabu upya. Hiyo ndio riseti.

Kwa Golf yako: washa gari ukiwa umesimama, bonyeza kitufe cha CAR pale pembeni ya skrini, ingia Setup, shuka mpaka uone Tyres, hapo kuna SET, bonyeza na ukubali. Za zamani kidogo zina kitufe chenyewe, zingine kiko ndani ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Basi. Halafu endesha kawaida, yajifundisha yenyewe ukienda.

LAKINI usiguse hiyo SET kabla hujapima tairi zote zikiwa baridi. Ukiriseti na tairi moja iko 24 umeifundisha gari kuwa 24 ndio hali nzuri, itanyamaza mpaka ushuke kwa rimu. Watu wengi huua tairi hivyo, taa yawaka wabonyeza SET, yawaka wabonyeza SET, wadhani wameshinda.

Na 35 uliitoa wapi?

#5 MkaziWaTudor
Fundi Mungu akuweke. Yani gari haina hata sensa?? Na yule wa gereji alikuwa ashanionyesha picha kwa simu.

35 niliitoa kichwani tu wallahi. Nimeenda kuangalia pale kwa mlango wa dereva kama watu wasemavyo sioni kibandiko.

#6 FundiChangamwe
Kwa VW nyingi kibandiko kiko ndani ya kile kifuniko cha tangi la mafuta, fungua utaona. Usisome ile nambari iloandikwa kwa ubavu wa tairi, hiyo ni ya juu kabisa ambayo tairi yaweza kubeba, sio ya kujaza. Kuna mtu alikuja kwangu kajaza kwa kufuata ubavu wa tairi, gari yaruka kama mbuzi.

#7 KijanaWaKibokoni
Nitawezaje kujua yangu ni ya sensa ama hii ya kuhesabu?

#8 FundiChangamwe
Ikiwa gari yakuonyesha nambari ya kila tairi kwa skrini, mbele kulia 33, kushoto 32, hiyo ina sensa ndani. Ikiwa yawasha taa tu bila nambari, huenda ni ya kuhesabu, lakini sio lazima, kuna za sensa pia hazionyeshi nambari. Angalia vali. Ikiwa ni ya chuma na ina nati pale inapotokea kwa rimu, kuna uwezekano mkubwa ndani kuna sensa. Ya mpira haikuambii kitu, sensa zingine zina vali ya mpira.

Na angalia taa yenyewe inavyowaka. Ikikaa tu wima haichezi, ni upepo umepungua. Ikiwa ukiwasha gari yapepesa kama dakika moja hivi, dakika na nusu, ndio yatulia ikabaki inawaka, hapo ni mfumo wenyewe una ugonjwa, sensa imekufa ama imevunjwa ama umebadilisha rimu ukaweka zisizo na sensa. Hiyo hata ukijaza upepo mpaka kiyama haitazima.

#9 KijanaWaKibokoni
Aaah basi ndio hiyo ya mjomba wangu. Ana Range Rover Sport ya Uingereza yapepesa kila asubuhi. Tulinunua sensa moja mtandaoni, ikaja, tukaenda ikafungwa na tairi ikarudishwa, gari haiioni kabisa. Tukaambiwa labda ni feki.

#10 FundiChangamwe
Uliangalia masafa yake? Gari za Uingereza na Ulaya sensa zao huongea kwa megahezi 433. Za Japani na Marekani nyingi ni 315. Kwa macho sensa ni moja, umbo moja, ukiweka ya 315 kwa gari ya 433 ni sawa na kumsemesha mtu aliyewasha stesheni nyingine ya redio. Imeandikwa kwa ubavu wa sensa, lakini ishaingia ndani ya tairi, itabidi ifunguliwe tena.

Na hata ikiwa masafa ni sawa, kila sensa ina nambari yake ya kuzaliwa. Gari zingine zajifunza nambari mpya zenyewe ukiendesha, zingine lazima fundi aziingize kwa skana. Mtu akikuuzia sensa bila kukuuliza gari ni gani na mwaka gani, ondoka.

Betri za sensa usiulize kubadilisha, zimefunikwa na gundi ngumu, ikiisha watupa yote. Hukaa miaka mitano mpaka kumi. Sasa piga hesabu, gari hapa zaruhusiwa kuingia mpaka miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo yashuka bandarini betri zake ziko ukingoni. Wateja wadhani meli ndio imeharibu.

#11 MamaVitz_Kisauni
Samahani nauliza swali la kijinga. Mimi nina Vitz, hiyo taa sijawahi kuiona hata siku moja. Ina maana tairi zangu ziko sawa siku zote?

#12 Tepu_Nyeusi
Ina maana una bahati mama

#13 Mwalimu_Likoni
Hapana dada, usimsikize huyo. Vitz nyingi zilizotoka Japani hazina mfumo huo kabisa. Kule sheria haikuwalazimisha. Waliolazimishwa kwanza ni Marekani: mwaka 2000 kulikuwa na kashfa kubwa ya tairi za Firestone zilizokuwa kwa Ford Explorer, zilikuwa zabanduka ngozi katikati ya mwendo na gari zapinduka, walikufa watu zaidi ya 200, na tairi kuwa na upepo mdogo kwenye joto ilikuwa sehemu ya habari yenyewe. Mwaka huohuo bunge lao likapitisha sheria, na kufika Septemba 2007 kila gari ndogo mpya kule lazima iwe na hiyo taa. Ulaya wakafuata, Novemba 2014 kila gari mpya inayouzwa. Ndio maana ya bwana Tudor inayo na yako haina.

Na hata wenye taa wasijione. Sheria ya Marekani yasema taa iwake upepo ukipungua asilimia 25 chini ya ule wa kibandiko. Kibandiko kikisema 33, hiyo ni kufika kama 25 ndio yakwambia. Kutoka 33 mpaka 26 uko peke yako na Mungu wako.

#14 MamaVitz_Kisauni
Sasa umenitia hofu mwalimu. Mimi hujaza nikiona imelala kwa macho.

#15 Mwalimu_Likoni
Tairi za siku hizi kwa macho hazisemi, yaweza kuwa 22 na waiona imesimama vizuri tu. Nunua geji yako mwenyewe ndogo, ile ya petroli stesheni imeanguka chini mara ngapi leo? Na pima alfajiri, ukitoka kuswali kabla jua halijapanda, gari haijasogea. Iwe imekaa angalau saa tatu.

Kila joto likipanda nyuzi tano sita za Selsiasi, presha yapanda psi moja hivi, hizo 33 na 35 tunazotaja ndio psi. Hapa kwetu gari ikiegeshwa Makadara saa saba mchana upande mmoja juani na upande mwingine kivulini utapata tairi za juani ziko juu psi mbili au tatu, wadhani za kivulini zimepungua wajaza, jioni umeharibu zote. Na usitoe upepo tairi ikiwa moto kwa sababu geji imeonyesha 37, ikipoa itakuwa chini.

#16 BintiMjiWaKale
Na wale vijana wa stesheni "nikuwekee 40 madam ikae muda" 🙄

#17 DerevaWaTreila
Wakubwa kuna kitu hamjataja. Mimi napanda Nairobi na kushuka kila wiki, lori yangu haina taa hizo mimi na turnboy, utingo wangu, twagonga tairi na nondo Mariakani, Voi, Mtito, sauti yatosha kuniambia. Lakini nina gari ndogo pia na nimeona hivi, nikijaza 33 hapa Mombasa nikifika Nairobi geji yasoma juu kidogo na sijaongeza. Nikauliza mzungu mmoja wa kampuni ya tairi akaniambia ni kwa sababu kule juu hewa ya nje ni nyepesi, geji yapima tofauti ya ndani na nje.

#18 Mwalimu_Likoni
Kweli kabisa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ya nje yapungua kama kilopaskali 18 hivi, hiyo ni psi mbili na nusu na kitu. Kwa hivyo joto likiwa lilelile 33 ya Mombasa yasomeka kama 35 na nusu. Lakini joto haliwi lilelile, asubuhi ya Nairobi yawa nyuzi kumi na kitu na hapa twatoka jasho, baridi yaila ile nyongeza karibu yote. Ndio maana wengi hawatambui kitu. Ila ukijaza Nairobi asubuhi na baridi ukashuka ukafika hapa, usishtuke, pima tena asubuhi yake ukishalala, ukifuata kibandiko hicho hicho.

#19 DerevaWaTreila
Basi miaka yote sijui nasoma fizikia barabarani

#20 MkaziWaTudor
Nimerudi na habari njema. Kibandiko nimekipata kwa kifuniko cha petroli kweli, chasema bar 2.3, nimegeuza ni psi 33. Asubuhi nimepima zote baridi na geji nimeinunua Mwembe Tayari, tatu ziko 35 na moja ya nyuma kushoto iko 33. Nimetoa zile tatu zikafika 33. Nikaingia CAR, Setup, Tyres, SET. Ikauliza kama nina hakika nikakubali. TAA IMEZIMA. Nimekaa kwa gari peke yangu natabasamu kama mwendawazimu. 28,000 yangu iko salama. Fundi nadaiwa chai.

#21 BintiMjiWaKale
Na risiti umepata?

#22 MkaziWaTudor
😂😂 Acha

#23 FundiChangamwe
Alhamdulilahi. Ila ngoja, hiyo ya nyuma kushoto. Kijana alijaza zote 35, na hizi tatu zimebaki 35, kwa nini moja iko 33? Ipime tena baada ya siku mbili tatu.

#24 Mzee_Ganjoni
Nawapitia tu wajukuu. Yangu Land Cruiser, taa ilikaa mwezi mzima. Nimejaza nne zote, nimeshikilia kile kitufe cha SET chini ya usukani mpaka taa ikapepesa mara tatu polepole kama kitabu kisemavyo, nimeendesha, yarudi. Mafundi watatu wameiangalia. Wa nne, kijana mdogo hata ndevu hana, akainama akaniambia mzee na spea je? Spea nayo ina sensa, gari yangu yahesabu tano. Spea haijaguswa tangu gari ishuke melini, iko 15. Ilipojazwa taa ikazima kabla sijafika Saba Saba.

#25 KijanaWaKibokoni
Mzee wetu hiyo imeniua

#26 MnunuziMpya
Jamani nimesoma uzi wote, mimi nataka kununua gari mwezi ujao, kuna mtu auza Mjini iko safi, nitajuaje kama hakufanya kama Tepu Nyeusi?

#27 FundiChangamwe
Swali zuri. Kabla ya kuwasha injini geuza swichi mpaka taa zote za dashibodi ziwake, usianze moto. Zote zawaka sekunde chache zajipima, ya injini, ya ABS, ya eabegi, na hii ya tairi ikiwa gari inayo. Gari ambayo wajua ilitengenezwa na mfumo huo, halafu ile sufuria haionekani hata hizo sekunde, mtu amepitia hapo, kaziba ama kachezea. Na ukiona ya tairi haipo angalia vizuri ya eabegi, mwenye kuziba moja hakosi kuziba ya pili.

#28 Tepu_Nyeusi
Haya nimesikia. Mwanishambulia kama nimeiba.

#29 Mwalimu_Likoni
Hatukushambulii ndugu yangu, ila jaribu kuitoa hiyo tepu uangalie. Huenda upepo ulishajazwa zamani taa ishazima na wewe waendelea kuficha kitu ambacho hakipo.

#30 MuuzaNitrojeni001
Karibuni kwa nitrojeni hamtajaza tena upepo mwaka mzima. Inbox.

#31 Mwalimu_Likoni
Hewa hii unayopumua ni asilimia 78 nitrojeni tayari, na mimi naipata bure.

#32 KijanaWaKibokoni
Fundi narudi kwako. Tumefungua ile sensa kweli imeandikwa 315 😩. Sasa tumepata ya 433 lakini jana nikijaribu kufungua kifuniko cha vali ya upande wa pili kimegoma, nikashika koleo, vali yote ikakatika mkononi, tairi ikalala hapohapo mbele ya nyumba.

#33 FundiChangamwe
Pole sana. Hiyo ndio ugonjwa wa Mombasa. Zile vali za sensa nyingi ni za aluminiamu, halafu mtu aweka kifuniko cha shaba kinachong'aa, ama ile sindano ya ndani ya kawaida ya shaba. Metali mbili tofauti na chumvi ya bahari katikati, zinalana mpaka zinashikana kuwa kitu kimoja. Watu wa Nairobi hawaijui hii. Mimi nimeshaona gari zilizokaa Nyali karibu na bahari vali zimekuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa. Tumia vifuniko vya plastiki tu, na sindano iwe ya kupakwa nikeli, hiyo ya rangi ya fedha, sio ya dhahabu. Na vikigoma usitumie koleo, pulizia mafuta ya kulegeza ukae.

Nyingine, mwambie fundi wa pancha kabla hajatia mataimbo kuwa ndani kuna sensa na iko pale vali ilipo. Aanzie upande mwingine. Wengi hawajui, sio kosa lao, wanaweka chuma palepale kwa vali, tia, unasikia kah. Na ile dawa ya chupa ya kuziba pancha ukiimwaga ndani yaweza kuziba tundu la sensa, ukiitumia mwambie fundi aioshe. Na usikubali kutiwa tyubu ndani ya rimu yenye sensa, lazima sensa itolewe kwanza na taa ndio itapepesa milele.

#34 Dereva_Mtwapa
Mimi yangu ya sensa, nimebadilisha nimeambiwa niendeshe dakika 20 itajifunza. Nimeendesha siku mbili hakuna kitu.

#35 FundiChangamwe
Umeendesha wapi?

#36 Dereva_Mtwapa
Mtwapa mpaka mjini asubuhi, jioni kurudi

#37 FundiChangamwe
😂 Ndugu yangu hiyo sio kuendesha ni kusukumana. Zile sensa zalala gari ikisimama ili kuhifadhi betri, nyingi zaamka ukishika mwendo, na gari yataka uende mfululizo labda juu ya 40 kwa saa kwa dakika kumi mpaka ishirini. Wewe kutoka Mtwapa mpaka Buxton wafika 40 mara ngapi? Chukua Jumapili asubuhi uende ile barabara ya Dongo Kundu, nenda mpaka upande wa Kusini urudi, mwendo wa kawaida hakuna haja ya kukimbia. Ikikataa baada ya hapo ndio twazungumza skana.

#38 Dereva_Mtwapa
Nimeenda. Kabla sijafika daraja la Mteza nambari zote nne zimekuja. Nimeona pia bahari nzuri, asante kwa safari.

#39 MkaziWaTudor
Wakuu, taa imerudi. Siku ya nne tangu niriseti. Nishike SET tena?

#40 FundiChangamwe
USISHIKE. Pima kwanza. Zikiwa baridi. Andika hapa.

#41 MkaziWaTudor
Mbele zote 33. Nyuma kulia 32 na nusu. Nyuma kushoto 25.

#42 FundiChangamwe
Haya sasa taa yako imefanya kazi yake. Hiyo yavuja polepole, na tangu mwanzo ndio ilikuwa yavuja, siku ya kwanza pale Bamburi ilikuwa yakwambia ukweli. Jaza irudi 33 ili uweze kusogea, SET achana nayo. Chukua ndoo, maji na sabuni ya unga, povu jingi, mwagia tairi yote polepole, kwanza usoni pale kwa mpira unaokanyaga, geuza gurudumu, halafu vali, chezesha vali kidogo kwa kidole pande zote, halafu ule mduara ambapo mpira wakutana na rimu, nje na ndani. Angalia povu linaloota lenyewe.

#43 MkaziWaTudor
Nimefanya na watoto wa jirani wote wamekuja kuangalia. Usoni hakuna msumari, hakuna kitu. Vali hakuna. Lakini kwa mduara wa rimu upande wa ndani kuna sehemu kama ya urefu wa kidole povu dogodogo lakuja kama uji wachemka.

#44 FundiChangamwe
Chumvi tena. Rimu ya aluminiamu imekula pale mpira unapokaa, imefanya unga mweupe, tairi haikai sawasawa upepo wapita taratibu. Haitaki rimu mpya. Aitoe tairi, asugue hapo kwa brashi ya waya na msasa mpaka iwe laini, apake ile dawa nyeusi ya ukingo, arudishe. Na kwa kuwa tairi ishatoka abadilishe na ile vali ya mpira, ni bei ya kikombe cha chai. Yako haina sensa kwa hivyo mataimbo yaingie popote yatakapo.

#45 MkaziWaTudor
Imekwisha. Nimeenda kwa mzee mmoja wa pancha Kisauni ana kibanda chini ya mwembe, alipoitoa akanionyesha, unga mweupe umejaa pale pote kama keki imenyunyizwa sukari. Amesugua nusu saa huku anihadithia habari za harusi ya mwanawe. 600 pamoja na vali. Nikajaza 33 zote asubuhi yake, ndio nikabonyeza SET. Leo siku ya tisa, nyuma kushoto iko 33.

#46 KijanaWaKibokoni
Na ile gereji hutaitaja bado?

#47 MkaziWaTudor
Sitaitaja. Nimepita mbele yake jana nimepiga honi tu.

#48 Tepu_Nyeusi
Mimi nimetoa tepu. Taa haiwaki. Mwalimu usiseme neno.

#49 Mwalimu_Likoni
Sijasema.

#50 MamaVitz_Kisauni
Na mimi nimenunua geji. Kibandiko changu cha mlangoni chasema 230 nikashtuka nikadhani ni psi, kumbe ni kilopaskali, mtoto akanigeuzia ni 33. Nimepima leo alfajiri. Mbele kulia 21, mbele kushoto 22, nyuma 24 na 19. Kwa macho zote zimesimama vizuri kabisa wallahi. Sasa ile pampu ndogo ya kuchomeka pale kwa sigareti yatosha kuzipandisha ama lazima niende stesheni?

#51 FundiChangamwe
Yatosha mamangu, ila itumie injini ikiwa inanguruma isimalize betri, na uipumzishe kidogo kila tairi, hushika moto. Anza na hiyo ya 19, na kesho asubuhi uipime tena hiyo peke yake.